Mwalimu Breki na Ndoo ya Funguo

Kama uliwahi kujifunza udereva katika chuo kile chenye uwanja wa changarawe nyuma ya kituo cha mafuta, Mwalimu Breki unamjua, na huenda mpaka leo ukimwona kwa mbali unanyoosha mgongo bila kujitambua. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye leseni tu. Hili la Breki alipewa na wanafunzi. Gari lake la kufundishia, kama yalivyo magari ya vyuo, lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi aliyeshika usukani, na nyingine upande wa pili, miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akitaharuki mwalimu aweze kulisimamisha gari. Walimu wengine huigusa breki hiyo siku ya hatari. Yeye aliifanya fimbo. Umebadilisha gia kwa pupa, breki. Umesahau kutazama kioo, breki. Umemjibu jeuri, breki, tena ile ya kukufanya mkanda ukukabe kifua mpaka uombe radhi.

Mke wake alijaribu kujifunza kwake mara moja, enzi za ujana wao. Walitoka nyumbani pamoja kwenye gari, wakarudi kila mtu kivyake, mama wa watu kwa miguu, viatu mkononi, na tangu siku hiyo hakugusa tena usukani. Mwalimu Breki alipoulizwa alisema kwamba wanawake wengine hawana moyo wa barabara. Mkewe alipoulizwa alisema kwamba yeye moyo anao, alichokosa ni shingo ya pili.

Pombe hakuwahi kuionja. Usianze kutafuta msiba uliomfanya awe hivyo, hutaupata. Hakufiwa na ndugu barabarani, wala baba yake hakuwa mlevi. Alizaliwa msimamizi tu, kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri. Alipokuwa mtoto aliwapanga wenzake mstari kwenye bomba la maji, na alipooa aliwapanga wakwe zake wakati wa kupiga picha. Mtu wa namna hiyo ukimpa leseni ya ualimu na shati jeupe, umeshamaliza, hana tena analomwomba Mungu.

Kasoro moja tu: kazi ya chuo ilimfikisha kwa wanafunzi tu, na yeye alitaka kila mtu. Nafasi hiyo aliipata sikukuu za mwisho wa mwaka. Kila mwaka ukoo wa mkewe ulikusanyika kwenye nyumba yao kubwa yenye ua mpana, na kila mwaka mtu mmoja alitoka pale amelewa chakari akaenda kukumbatia nguzo ya umeme. Mwaka mmoja Mwalimu Breki akatokea getini na ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akasema kila anayeingia na gari aweke funguo humo. Watu walicheka wakadhani ni utani. Jioni walipodai funguo zao akawaambia wafungue midomo.

Ndiyo, alikuwa akiwanusa. Mtu mzima, na heshima zake, na mkewe anatazama, anaambiwa atoe pumzi, na Mwalimu Breki ameinama na pua yake ndefu kama anakagua mtungi wa gesi unaovuja. Ukinuka, funguo hupewi. Atakupeleka kwako mwenyewe na gari la chuo, lile lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na njia nzima utasikilizishwa hotuba. Kesho yake utarudi kuchukua gari lako na kusikiliza iliyobaki.

Tuseme haki, ndoo ilifanya kazi. Tangu ije, ukoo ule haukuvunja tena hata taa ya pikipiki. Majirani wakaiga, wakamwita kwenye sherehe zao, na mtaa mzima ukawa unasema kwamba bila mzee huyu tungekuwa tunazikana kila mwisho wa mwaka. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye hakuliona, au alijitia hamnazo. Watu waliokuwa wakinywa chupa moja kwa woga wa barabara, sasa walikuwa wanakunywa mpaka wanaimba. Wahofu nini, na usafiri upo? Wale wachache ambao zamani walijizuia ili wawaendeshe wenzao, nao wakaona hakuna haja. Kila sikukuu ilipofika, kwenye ua ule wote mwenye leseni na akili timamu alikuwa mmoja tu, na ndivyo alivyopenda.

Mtu aliyenuswa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani. Huyu hakuwa na gari. Hakuwa hata na baiskeli. Lakini Mwalimu Breki alimnusa kila mwaka mbele ya watoto, awe mfano. Fundi huyu msimu mzima aliinama kwenye cherehani yake, mguu unakanyaga mchana kutwa, akiwashonea wengine nguo za sikukuu, na nguo ya mwisho ikishachukuliwa ndipo naye anapiga maji mpaka anasahau jina la kitambaa. Akiitwa kunuswa anakuja, anafungua mdomo, anacheka. Watoto wanacheka. Kisha anaambiwa akae pembeni na asiwashike watoto mkono, na anakwenda kukaa pembeni. Dada yake alichukia sana jambo lile, na alimwambia mumewe wazi kwamba ipo siku aibu hiyo itamrudia yeye mwenyewe. Mwalimu Breki akajibu kwamba anayejiaibisha ni anayekunywa.

Katika watoto hao alikuwapo mjukuu wake wa kwanza, binti anayeitwa Kasuku kwa sababu hukumwambia kitu asikirudie. Huyo ndiye alikuwa mwanafunzi wake bora. Ukimshtua usingizini atakwambia: mtu aliyelewa usipande gari lake, usimshike mkono, usikae karibu naye. Babu yake alimpenda kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya wajukuu wengine.

Basi mwaka ninaousema, Mwalimu Breki alipata mafua. Aliyapata wapi? Wapi tena, kwenye midomo ya watu. Wiki nzima alikuwa getini kwa huyu na kwa yule, ananusa, na mmoja wao akampa zawadi ya sikukuu. Asubuhi ya siku ya ukoo aliamka na kikohozi kinachomtikisa mpaka miwani. Akaenda duka la dawa, akauziwa chupa ya dawa ya maji, nyekundu, tamu. Binti wa dukani akamwambia kwamba hiyo inaleta usingizi mzito, kwa hiyo akiinywa asiendeshe gari.

"Hayo waambie wanaokunywa, mwanangu," akamjibu. "Mimi sinywi."

Binti akaitazama chupa iliyo mkononi mwa mzee, akamtazama mzee, akaamua kumhudumia mteja anayefuata.

Siku ilikwenda vizuri. Ndoo ilijaa. Mwalimu Breki alisimama getini na shati lake jeupe, kikohozi kikianza anageuka, anapiga funda la dawa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, anaendelea. Kipimo kilichoandikwa ni kijiko, lakini kijiko nani atatembea nacho mfukoni? Ilipofika zamu ya hotuba yake ya mwaka, ile ambayo watu huisikiliza wakiwa wameficha glasi chini ya viti, kikohozi kilimkata mara tatu, na mara zote tatu akapiga funda kubwa. Hotuba ikaisha salama. Ilihusu watu wanaojiona wako sawa wakati hawako sawa.

Alasiri mkewe akamwona anasinzia akiwa amesimama, mkono juu ya kifuniko cha ndoo. Akamsogelea, akamwambia taratibu kwamba macho yake mekundu, aingie ndani alale kidogo, wajukuu watapelekwa baadaye. Kasuku na mdogo wake walitakiwa kurudi kwa mama yao, muuguzi, anayetoka zamu hospitali jioni ile. Mwalimu Breki akauliza watapelekwa na nani. Mkewe akatazama uani. Shemeji wa huku anacheza peke yake, binamu wa kule amelalia meza, na vijana waliobaki wanabishana na mti. Hakuwapo hata mmoja.

"Basi wasubiri uamke," akasema. "Lala saa moja tu, baba watoto. Nakuomba."

Mwalimu Breki akamwambia kwamba siku watu watakapomkuta amelala mchana karibu na ile ndoo, ndiyo siku watakayoanza kujichukulia funguo wenyewe. Akapiga funda la mwisho, akawafunga wajukuu mikanda kiti cha nyuma cha gari la chuo, na kwa kuwa fundi cherehani anakaa njia hiyohiyo, akamwamuru aingie mbele, upande wa mwalimu. Kasuku akalalamika kwamba fundi ananuka. Babu akamwambia avumilie, asiongee naye tu.

Barabara ya kwenda huko ni pana na imenyooka, na jua la saa ile linapiga moja kwa moja kwenye kioo. Mwalimu Breki alianza hotuba ya shemeji, ile maalumu, kuhusu mtu mzima anayeacha ndugu zake wamwonee haya. Fundi alikuwa anaitikia, ndiyo shemeji, kweli shemeji. Baada ya muda akaona hotuba imepungua kasi. Kisha sentensi moja ikaanza isimalizike. Akageuka kumtazama. Kidevu cha Mwalimu Breki kimegusa kifua, mikono iko kwenye usukani vizuri kabisa kama kwenye picha za kitabu, na mguu umelala juu ya mafuta. Mbele yao, limeegeshwa upande wao, kuna lori bovu limebeba nondo, na nondo zimetokeza nyuma kwa urefu wa mtu, zimefungwa kitambaa chekundu.

Fundi alikuwa amelewa, hilo halina ubishi. Ulimi wake usingeweza kumaliza neno "shemeji" kabla ya lori. Lakini mguu wake ulikuwa umekanyaga cherehani tangu alipokuwa kijana, na mguu ule haukungoja kichwa. Uliikuta breki ya pili ukaikanyaga mpaka mwisho. Gari lilipiga kelele, likayumba, likageuka upande, likazimika. Nondo ya karibu ilikuwa imesimama nje ya dirisha la nyuma, mahali alipokaa Kasuku, na kati yake na kioo mtu angeweza kupitisha kiganja.

Mwalimu Breki akazinduka. Kitu cha kwanza alichokiona ni mguu wa shemeji yake juu ya breki ya mwalimu, breki yake, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Akamwuliza ana wazimu gani. Akamwambia watoto wako nyuma, anataka kuwaua. Ndipo akageuza kichwa kuwatazama watoto, akaona nondo.

Hatua chache mbele walikuwapo askari wa trafiki, maana msimu huo wanapima ulevi kila barabara kubwa. Mmoja alikuja mbio, mwanamke, na alipochungulia dirishani uso wake ukabadilika kabisa. Akasimama wima. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akamwamkia kwa heshima zote, akamwuliza kama ameumia, akawatazama watoto, akasikia harufu ya bia, akaona ule mguu. Habari yote ikajipanga kichwani mwake bila kuambiwa na mtu.

Kwa utaratibu alimpa Mwalimu kipima ulevi apulize. Mashine ikaonyesha sifuri. Askari akatabasamu kwa fahari, akamwonyesha mwenzake, akasema ndiye mwalimu aliyekuwa anamsimulia. Kisha akampa fundi. Mashine ikalia sana.

"Wewe ndiye uliyekanyaga breki?" akamwuliza.

"Ni mimi, afande," fundi akasema. "Nimelewa. Nilikanyaga."

Ungemtazama ungedhani anajua kwamba anachosema ni kweli, na kwamba ukweli ukiisha hapo kila mtu atakwenda nyumbani akiwa na heshima yake, isipokuwa yeye, ambaye amezoea. Askari akamwambia ashuke. Mlevi kumwingilia dereva, gari lina watoto, atalala kituoni na sikukuu ataimalizia mahakamani. Fundi akashuka, akalivuta shati lake likae sawa, akainama dirishani akawaambia watoto wasiogope.

Na Mwalimu Breki alikaa kimya. Nalisema kama lilivyo, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alilisema hivyo. Alikaa kimya muda ambao fundi alitembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye difenda ya polisi. Aliona leseni yake ya ualimu. Aliona ndoo, na watu wakiicheka. Akajiambia kwamba huyu ni mlevi kweli, kulala kituoni hakutamwongezea doa, kesho nitakwenda kumtoa, nitazungumza na mkuu wao, wananijua. Alilipanga jambo zima likapangika vizuri, na moyo wake ukaanza kutulia.

Askari akarudi, akalisukuma gari na mwenzake mpaka pembeni, akachomoa funguo, kisha akaziweka kwenye kiganja cha mzee.

"Haya Mwalimu, wapeleke watoto. Madereva wote wangekuwa kama wewe, sisi tungekuwa nyumbani na familia zetu."

Funguo zikiwa mkononi, macho yakaanza kumfumba tena. Si kwa huzuni, kwa dawa. Alihisi kope zinashuka na shingo inalegea, na nyuma yake Kasuku anamwuliza kama wanaondoka sasa. Hofu iliyompata pale hajawahi kuipata tena. Akafungua mlango, akashuka, akashikilia paa la gari asianguke.

"Mrudishe shemeji yangu," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Askari hakumwelewa. Alipoelewa, hakumwamini. Akamwambia kwa upole kwamba anajua uchungu wa ndugu, lakini asijitie matatani kwa kumfichia mlevi. Mwalimu Breki akarudia. Askari akamwonyesha ile sifuri. Mzee akaomba apulize tena, akapuliza kwa nguvu zote kama anawasha moto wa kuni mbichi, akitamani kwa mara ya kwanza maishani mwake mashine imkamate. Sifuri. Mwenzake askari akaanza kucheka. Yaani mtu aliyewafundisha watu wote wa mji ule kwamba mashine haidanganyi, amesimama barabarani anaibishia mashine.

"Niulize ni wapi nilipoliona lori," akasema mwishowe.

"Uliliona wapi, Mwalimu?"

"Sikuliona. Nililiona limeshafika kwenye kichwa cha mjukuu wangu. Yule mlevi ndiye aliyeliona." Akatoa ile chupa mfukoni, imebaki tone, akampa. "Niliambiwa dukani. Mke wangu akaniambia. Nikaona wananivunjia heshima."

Askari akaisoma chupa. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, na alipomaliza hakumtazama tena usoni. Akanyoosha mkono akadai funguo, akasema leseni nayo aitoe. Hakuita tena Mwalimu, alisema mzee. Kisha akamwambia mwenzake abaki na kizuizi, akaenda mwenyewe kumfungulia fundi mlango wa difenda.

Askari alikaa mwenyewe kwenye usukani, fundi akarudi mbele, na Mwalimu Breki akaingizwa nyuma, katikati ya wajukuu, magoti yamegusa kidevu. Gari likaondoka polepole na kibao chake cha MWANAFUNZI. Mtoto mdogo alikuwa ameshalala. Kasuku alikuwa macho, ameushika mkono wa babu yake, na unaweza kuona anahesabu mambo kichwani, nani yuko wapi na funguo ziko kwa nani.

"Babu," akasema, "kwani na wewe umelewa?"

Angeweza kumwambia ni dawa. Angemwambia kuna mafua, na jua, na uchovu wa wiki nzima, na yote hayo ni kweli.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nimelewa."

Fundi akageuka kutoka mbele. "Shemeji, usiseme hivyo mbele ya mtoto."

"Mwache asikie."

Kasuku alisikia. Akafikiri kidogo, kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa babu, taratibu, bila ubaya, akajisogeza mpaka mwisho wa kiti karibu na dirisha, kama alivyofundishwa.